Watalii Arobaini

Mwaka ule boti ya watalii haikuja.
Haikuja Mei, haikuja Juni.
Gati lilikaa likilamba chumvi yake lenyewe,
kibanda cha aiskrimu kikabaki na kufuli,
bango la bei likipauka juani.

Dada yangu Solveig alinipigia kutoka Malmö:
"Ragnvi, umeona? Dunia inapumua!
Pomboo wameingia bandarini, anga limetakata!"
Nami nikaitikia, naam, inapumua,
nimeketi juu ya jabali na daftari langu,
mhesabu ndege wa kisiwa cha mawe
katikati ya Baltiki,
nimepewa kimya kizima bila kugawana na mtu.

Lakini kimya kingi kina mshindo wake.
Ulikuja na mabawa mapana kama mlango uliong'olewa:
tai mkia-mweupe, mmoja,
kesho yake wawili, wiki ya pili saba,
wakatua kwenye msonobari mkavu juu ya njia
ambako miaka yote hawakuthubutu
kwa sababu ya Wajerumani na kamera zao,
vigari vya watoto, makoti ya mvua ya manjano,
na ule ukelele wa "mama, tazama!"
tangu asubuhi hadi alasiri.

Grisla wangu, ndivyo tunavyowaita huku, hawajengi kiota.
Hutaga yai moja juu ya jiwe tupu,
kijani-bahari, lenye umbo la pea,
limechorwa mistari kama barua iliyoandikwa gizani,
na hakuna mayai mawili yenye mwandiko mmoja.
Husimama wima, bega kwa bega,
weusi mgongoni, weupe kifuani,
kama watu waliovalia mazishi.

Tai wala hakuwataka. Alipita tu.
Kivuli kilipita, ukuta mzima ukaruka,
mayai yakabingirika.
Shakwe na kunguru waliokuwa wakingoja
hawakuwa na haraka.
Tarehe nne Juni: mayai ishirini na sita, saa moja.
Tarehe tano: sikuandika.

Tarehe tano mashua ya posta ilileta mfuko wa plastiki
kutoka makao ya wazee.
Miwani ya Mama. Meno yake. Redio ndogo.
Koti lake jekundu.
Mara ya mwisho nilimwona kupitia dirisha,
kiganja chake upande wake wa kioo, changu upande wangu,
mpaka muuguzi, macho tu juu ya barakoa,
akainua mkono: basi, imetosha.

Nikavaa koti la Mama.
Nikashuka njia ya watalii, nikapanda, nikashuka.
Nikapiga mluzi. Nikakohoa kwa nguvu
(dhambi kubwa mwaka ule, kukohoa).
Nikajiuliza kwa Kijerumani choo kiko wapi,
nikajielekeza kwa Kiswidi.
Nikagonga sufuria, nikamkaripia mtoto asiyekuwapo,
nikawa watalii arobaini kabla ya chakula cha mchana.
Tai akanitazama kwa jicho lake la manjano,
akahamia mti wa pili.
Mti wa pili tu.

Katikati ya kiangazi, usiku usiojua giza,
makinda hujirusha kutoka jabalini kabla hawajajua kupaa,
baba zao wakiwaita kutoka majini.
Miaka mingine huwa mvua ya makinda.
Mwaka ule nilihesabu kwa vidole, vidole vikabaki.
Baba mmoja aliita, hakuna aliyeruka,
akaendelea kuita.

Solveig bado husema tulipojifungia, dunia ilipona.
Simbishii. Huenda kwake ilipona.
Mimi nalijua jabali moja.

Boti ilirudi baada ya miezi mingi, nusu tupu.
Wa kwanza kushuka alikuwa mvulana wa miaka minne hivi,
aiskrimu ikamponyoka ikaanguka gatini,
akaangua kilio kama king'ora.
Juu ya msonobari tai akakunjua mabawa.

"Lia, mwanangu," nikamwambia. "Lia sana."