Kucha Mbili

Barua ilikunjwa mara nne, ikafichwa ndani ya soksi.
Nyaboke hakuinua uso: "Mama, usininyoe."

Shuleni walipangwa mstari kando ya tangi la maji,
mwalimu akipekua vichwa kwa ncha ya kalamu,
na Chelimo akacheka kwa sauti
kabla zamu yake haijafika.

Jirani wa chini alishauri mafuta ya taa.
Nikakataa. Jiko linawaka hatua mbili kutoka hapa.
Nikatoa chanuo la meno membamba,
beseni jeupe, mafuta ya nywele yaliyobaki mkebeni,
tukakaa roshanini, ghorofa ya tatu, Umoja,
nguo za wapangaji wa juu zikitudondokea.

Nikagawa nywele kama anayepanda sukuma.
Wa kwanza alianguka majini akirusha mateke.
Nyaboke akamwita Mheshimiwa,
kwa kuwa hunyonya
na hana haraka ya kuondoka.
Tulicheka mpaka chanuo likaniponyoka.

Saa mbili usiku nikaanza kujikuna mimi.
Mama Syombua (binti zetu huazimana vibanio)
akabisha hodi, kilemba kichwani,
akasimama mlangoni kama mdeni.
"Hata sisi," alisema.

Nikamsogezea kigoda.
Alinipekua, nikampekua,
taa ya simu ikishikwa na watoto
waliohesabu kwa sauti, wakigombania idadi.

Marehemu mama alipenda kusema
kidole kimoja hakivunji chawa.
Miaka yote hiyo
nilidhani anazungumzia harambee.