Nusu Mzunguko

Sakafu ya karakana yetu ni saruji iliyosuguliwa,
tambarare kama maji ndani ya beseni.
Hapo ndipo nilipompima Tupokigwe, mwezi wa nne:
nikauzungushia mguu wake wa kushoto bendeji ya plasta,
nikasubiri ikauke, nikaipasua taratibu,
nikachonga gango la plastiki, bawaba mbili kifundoni,
na kila bawaba na skrubu yake
iamuruyo: unyayo uinuke hadi hapa, uiname hadi pale,
basi.

Alitembea hatua kumi na mbili, akageuka, akarudi.
Vidole havikuburura.
Nikajisifu kimoyomoyo, nikaandika: amefaulu.

Wiki ya tatu alirejea kutoka Ntokela,
udongo mweusi umeshindiliwa bawabani,
jani la kiazi limekaukia kwenye mkanda.
Nilimpa kiti, hakukikalia.
"Fundi, umenitengenezea mguu wa hospitali.
Huu unajua njia ya kwa daktari tu."

Nikamweleza. Nyuzi tisini. Usalama.
Msuli jinsi kiharusi kilivyouacha.
Alinisikiliza kama mtu asikilizavyo mvua
kwenye bati la jirani.
"Kitanda hiki," akasema, "hujakilalia."

Tukatoka.
Nyuma ya jiko, wanakomwaga majivu,
ardhi inainuka kidogo kuelekea Loleza.
Akapanda, mimi nikitazama kutoka chini,
na kwa mara ya kwanza niliiona kazi yangu:
kisigino kikining'inia hewani,
gango limekaza shingo kama ndama,
goti likirudishwa nyuma kila hatua.
Aliposhuka, lilimsukuma goti mbele
kama mtoto mtukutu kwenye foleni,
akashika ukuta.

"Kwetu kupanda ni kupanda," akasema akihema.
"Unapanda mlima ndipo upande viazi.
Na gunia halijishushi."

Nikapiga magoti kwenye majivu.
Robo mzunguko. Nenda. Rudi.
Robo nyingine. Goti likatulia.
Lakini alipogeuka kushuka, skrubu ile ile ya mbele
iliyompa ruhusa ya kupanda
ikamwachia kasi asiyoitaka,
nami nikairudisha, nikafungua ya nyuma,
nikaanza upya, ukungu ukitushukia mabegani,
hadi nikaelewa kwamba natafuta namba moja
kwa shamba lenye pande mbili.

Akanyoosha mkono. Nilidhani anataka nimwinue,
kumbe anataka ufunguo.

Kanuni haziruhusu. Nimezibandika mwenyewe mlangoni.
Nilisimama pale, ufunguo kiganjani,
chuma kidogo kisichozidi kijiti cha kiberiti,
nikiwaza mkaguzi, nikiwaza kifundo kilichoteguka,
nikiwaza pia asubuhi moja huko Ntokela
mtu amesimama chini ya tuta lake mwenyewe
akisubiri tarehe ya kliniki.

Nikaenda kumwazima Sekela wa mapokezi rangi ya kucha.
Doa jekundu: kupanda. Alama mbili: kushuka.
Kati yake nusu mzunguko, usizidi.
Nilimwambia arudie. Akarudia mara tatu,
mara ya tatu akiwa amefumba macho,
kwa kidole gumba, gizani, kama afungaye ghala.

Kwenye daftari, safu ya nyuzi,
kalamu yangu ilisita muda mrefu.
Mkaguzi akija atakuta pameandikwa:
muulize mwenyewe.