Deni la Theluji

Jumamosi, Winnipeg. Nyuzi tisa chini ya sifuri,
kwa hapa ndiyo siku ya joto.
Dirisha la jiko limeota manyoya meupe.
Siwema kaingia na beseni la theluji,
nyuma yake Jomar wa ghorofa ya tatu,
glavu moja, nyingine kaipoteza tena.
"Shangazi, leo tunalipua nini?"
Leo hatulipui. Leo tunagandisha,
na tukishindwa, tutakunywa.

Maziwa vikombe viwili. Sukari vijiko vitatu,
Siwema akatia cha nne akidhani sijamwona.
Iliki nimeiponda kwa kitako cha chupa ya siki,
kinu changu hakikuvuka uwanja wa ndege.
Mfuko mdogo, funga. Uingize ndani ya mkubwa.
Theluji. Halafu chumvi, na usibane mkono,
mwaga kama mtu asiyeinunua.

Tikisa.

Wakatikisa, wakarushiana, wakacheza nao
mpaka ukapasuka.
Jomar akaonja. Uso ukakunjika hadi masikioni.
"Chumvi imeingia."
Umejuaje?
"Ulimi."
Basi ulimi ni kipimo. Andika.
Akaandika nyuma ya bahasha ya bili ya umeme
kwa Kiswahili alichofunzwa na Siwema ngazini:
MBAYA SANA.

Miaka kumi na mmoja nilifundisha kuganda
chini ya bati, Uvinza,
chumvi tele mjini, shuleni friji hakuna.
Theluji niliichora kwa chaki,
nayo chaki ikanidondokea viatuni,
theluji pekee niliyoijua.
"Chumvi hushusha kiwango cha kuganda."
Arobaini na wanane wakaitikia: hushusha!
Wakafaulu. Nikapewa cheti na kanga.
Hakuna aliyeuliza kwa nini,
na mimi, Mungu anisamehe, sikujiuliza.

Mfuko wa pili tumeufunga maradufu,
taulo mikononi, maana baridi yake inauma kama moto.
Ghafla Jomar akaacha kutikisa.
"Barabarani wanamwaga chumvi ili barafu iyeyuke."
Ndiyo.
"Na hii humu inayeyuka, naisikia inachuruzika."
Ndiyo.
"Sasa mbona maziwa yanaganda?"

Nilifungua mdomo nikakuta ubao mtupu.
Bomba likadondosha tone, likadondosha jingine.
Nikasema polepole, nikijisikiliza mwenyewe:
kitu kikitaka kuyeyuka kinahitaji joto.
Theluji haina joto la kutosha. Itafanyaje?

Siwema, anayejua tarehe ishirini na saba
zilivyo nyumbani kwetu, hakufikiri hata kidogo.
"Itakopa."
Kwa nani?
Wote wawili wakautazama mfuko mdogo,
ule wa ndani, ulionyamaza.
"Kwa maziwa!"

Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walisema,
ila hapa aliyekopa ndiye aliyekula harusi,
kayeyuka, anacheza majimaji;
matanga kaachiwa mkopeshaji,
mgumu, mweupe, kimya.
Kipimajoto cha kuchomea nyama tulichokichovya
kikashuka, kikapita namba yake ya mwisho,
kikakaa pale kama mtu aliyekosa la kusema.

Tulikula tumesimama, kijiko kimoja, zamu kwa zamu.
Sukari ilizidi. Siwema akatazama dari.
Jomar akafuta MBAYA, akaacha SANA.

Saa kumi na moja jioni, giza tayari,
sare yangu ya kufulia mashuka ya hospitali
inaningoja kwenye kigingi cha mlango.
Lori la chumvi likapita chini, taa zake za manjano zikizunguka.
Jomar akabandika mdomo kwenye kioo, akapiga kelele:
"Nyinyi! Nyinyi mnakopa kwa nani?"

Kisha akanigeukia.
Hilo, nikamwambia, ni la Jumamosi ijayo.
Nina usiku sita wa kulifikiria.