Jirani wa Juu

Deni lilikuwa elfu nane na mia tano:
gesi ya mashine ya ubaridi, na kutwa yangu nzima juu ya ngazi.
Bi Ornella akafungua pochi, akaifunga.
"Nitakulipa kwa piano," akasema,
nami nikadhani ananipa piano.

Imekula chumvi ya Malindi miaka ishirini.
Fa ya kati ukiibonyeza hailegei
mpaka uiinue kwa ukucha.

Wiki mbili, mkono unaojua spana namba kumi na nne
ulijifunza kutembea.
Wiki ya tatu tukakuta, juu ya noti,
kijimstari kilichopindapinda kama funza aliyekanyagwa.
"Madoido hayo," nikasema. "Tuyaruke."
Akanichapa kwa kidole kimoja.
"Vinanda vya enzi hiyo, sauti ilikufa upesi.
Ukitaka noti iishi, itikise.
Na usiingie moja kwa moja kama mdai.
Anza kwa jirani yake wa juu,
piga hodi, ndipo uteremke nyumbani."

Nikateremka. Nikaanguka.
Nikabisha kwa jirani wa chini.
Jina langu Baya. Akisema "Baya!"
sijui ananiita au anahukumu doido.

Kisha zikaja tatutatu,
noti tatu ndani ya pumzi ya moja.
"Tafuta neno la silabi tatu, vidole vilisikie."
Nikasema Malindi. Malindi. Malindi.
Haikwenda. Uzito unakaa katikati;
maneno yetu hukanyaga silabi ya pili toka mwisho,
na muziki ule wataka kukanyagwa mlangoni.

Nikaenda nalo kazini. Nikalisema juu ya paa la benki,
juu ya paa la duka la dawa, bisibisi mdomoni,
Malindi, Malindimalindi, malindimalindima,
hadi Ma ya kwanza ikadondoka yenyewe
na mji ukageuka:
lindima, lindima, lindima,
uzito mbele, mfano wa ngoma ya mtaa wa pili,
na kompresa chini yake ikienda mbilimbili
bila kugombana nayo.
Sijui nani aliniona nikicheka peke yangu kwenye mabati.

Deni liliisha Mei. Hakuna aliyelitaja.

Jana umeme ulikatika tukiwa mstari wa nne.
Joto, mbu, Fa imelala.
Nikacheza kwa kupapasa. Tatutatu zikapita salama,
nikafika penye funza, nikasahau,
nikaingia moja kwa moja.
"Jirani!" akapaza Bi Ornella kutoka jikoni,
na ghorofani, dirisha la juu yetu,
Mama Nyevu akaitika: "Abee!"

Tukangoja kidogo, wote watatu.
Kisha nikaanza na yeye.