Mishono Mitatu ya Kurudi

Niliununua Jumamosi, kando ya mto Main.
Tulipatana yuro sita; nikaona haya, nikaongeza mbili.
Mkoba wa kahawia, umri wangu au unanizidi,
bizimu imeota kijani,
mpini umepasuka kama kisigino.
Ndani: poda, kuvu, harufu ya sarafu,
na tikiti ya tramu ambayo haipiti tena.

Nesrin wa ghorofa ya tatu akaupakata,
akaugonga kwa kidole kama anayechagua tikiti maji.
"Usiuoshe," akasema. "Ufute tu.
Maji mengi ni adui. Hita ni adui mkubwa zaidi."
Miaka ishirini na sita alishona kiwandani,
hapa hapa Offenbach, meza moja na mama yangu.
Vidole vyake vimebaki vimejipinda,
kana kwamba sindano bado imo.

Basi nikatandika taulo juu ya meza ya jikoni,
nikasogeza sufuria, nikazima redio.
Kitambaa cheupe, sabuni ya matandiko kiasi cha ukucha,
mviringo, mviringo.
Kitambaa kikatoka cheusi.
Kingine. Cheusi.
Cha tatu kikatoka na rangi ya chai ya maziwa,
hapo nikajua nimeifikia ngozi yenyewe.

Siki na maji kwa bitana, kuvu ilegee.
Unga wa mahindi juu ya doa la mafuta,
ulale nalo usiku kucha.
Mswaki wa mume wangu kwa bizimu
(hajui, na asijue).
Nikaujaza fulana kuukuu usije ukanywea,
si magazeti: wino wa habari hauna adabu.
Siku mbili ukalala mbali na hita,
kama mgonjwa asiyetaka wageni.

Ngozi ivute ili maji, walisema wahenga.
Hii ilikauka kabla sijaolewa.
Nikaipaka nta ya nyuki kwa kidole kitupu;
ikanywa. Nikaongeza,
ikanywa kama alivyokunywa ng'ombe mwenyewe,
bila kuinua kichwa.

Ndipo kidole kikakwama.
Chini ya mpini, mwisho wa mshono,
mishono mitatu ya kurudi,
mahali ambapo kiwanda kilitaka miwili.

Mama yangu, Waltraud, alirudi mara tatu.
Msimamizi alimkata mshahara kwa ajili ya uzi.
"Wa tatu ni wa atakayeubeba," alikuwa akisema
huku akimenya viazi, na hakufafanua.

Nikampigia Nesrin. Akashuka na ndala zake.
Akapitisha ukucha juu ya uzi, akarudia, akanyamaza.
"Nusu ya meza yetu ilimwiga," akasema mwishowe.
"Huu unaweza kuwa wangu."
Tukacheka.
Kisha tukaacha kucheka, chai ikapoa.

Mama hakuwahi kumiliki mkoba.
Alibeba wavu wa kamba, karoti zikichungulia,
akipita mbele ya madirisha ya maduka
ambamo kazi zake ziliwekewa taa.
Hakugeuza shingo. Nilikuwa nimemshika mkono,
nilijua anavyogeuza shingo kwa mambo mengine.

Kuna mkwaruzo ubavuni, mrefu,
wa ufunguo labda, labda wa paka.
Nesrin ana kichupa cha rangi, angeuziba.
Nimeuacha. Nimeupaka nta pamoja na pengine pote,
nao unang'aa.

Leo asubuhi nimeubeba sokoni.
Nimetia ndani vitunguu, kilo nzima,
vingine bado vina udongo,
baada ya kazi yote ile ya siki.
Bizimu imejifunga: ta.
Muuza vitunguu akauliza, mkoba mzuri huo, wa zamani?
Nikamwambia, wa familia.

Pengine ni uongo.
Mpini umevutwa na kilo nzima mpaka nyumbani,
ngazi zote nne,
na uzi haukulalamika.