Mlio wa Kumi na Moja

Gudveig ameleta gari la marehemu,
bampa imekunjamana: usiku liliteremka lenyewe
kutoka mlangoni pake hadi kwa jirani,
likang'oa sanduku la barua.

Navuta breki ya mkono, nahesabu.
Ta, ta, ta. Wa tano ungetosha.
Hii yaenda hadi kumi na moja
na bado mkono haupati ubishi,
kama kuvuta kengele ya nyumba iliyohamwa.

Napiga jeki. Gurudumu la kulia linashika.
La kushoto nalizungusha kwa kidole.
Basi ni waya wa upande huu:
chumvi wanayomwaga barabarani hapa Narvik
ili watu wasiteleze
imeingia kwenye ala yake, ikautafuna kimyakimya.
Nafungua ngoma. Viatu vya breki ndani ni vizima,
havijachakaa, kama vya harusi.

"Oddmund hakuwahi kulalamika," asema.

Nafungua buti, nifuate waya unakopita chini ya zulia.
Jiwe. Kubwa kama mkate,
upande mmoja umelainika, una weusi wa tairi.
Mimi sikusema kitu. Yeye alilitazama
muda mrefu.

Miaka yote hiyo, kumbe, kila jioni
mzee yule alishuka kwenye theluji, akainama,
akaliweka nyuma ya gurudumu,
kisha akaingia ndani kusema chakula kinanukia.

Nimebadili waya. Milio mitano, kimya.
Gudveig amelipa, ameshukuru,
amefika getini, amerudi:
"Na jiwe langu?"