Kibao cha Ngojea

Kaunti imenipa bati, mkebe wa rangi nyeusi
na kazi ya neno moja: NGOJEA.
Herufi sita. Malipo baadaye.

Nimeliegemeza bati kwenye ukuta wa bucha ya Abasi,
Menengai imejifunika vumbi,
na kila apitaye ana historia yake.

Abasi asema ni foleni ya bomba:
bomba moja, landhi nane,
madebe yamepangwa tangu alfajiri kama watu wa kesi.
Kinyozi Mbugua akatoka na wembe mkononi:
la, ni treni ya pareto,
iliyowekwa kando hapa kupisha ya abiria,
makuli wakalala juu ya magunia
wakipiga chafya hadi asubuhi.
Mwalimu Truphosa naye ana yake, ya mishahara ya reli,
ila kengele ililia kabla hajaimaliza.

Jioni nikamuuliza nyanya Rasoa.
Alikuwa anachambua kunde, hakuinua macho.

"Alikuja mtu wa baraza la mji na mnyororo wa kupimia,
chepeo kichwani, daftari kwapani.
Mama, hapa panaitwaje?
Nami nina babako karaini, sabuni imemwingia machoni,
kilio chake kinashindana na honi ya treni.
Nikamwambia, ngojea.
Kugeuka, keshaandika, anakunja mnyororo wake."

Miaka sitini sasa.
Barua, stakabadhi za kodi,
vyeti vya kuzaliwa na vya kufa,
vyote vimebeba neno
aliloambiwa mtu asiyejua kungojea.

"Na angengoja, nyanya, ungemjibu nini?"
Akatupa jani la manjano.
"Ningemwambia sijui.
Nilikuwa nimehamia Jumanne."

Nilicheka. Usiku kicheko kikanitoka.
Kabla ya karai, kabla ya mnyororo,
kuna aliyechunga ng'ombe hapa akapaita kitu,
labda jina la upepo, labda la chumvi,
labda la ndama aliyevunjika mguu.
Hilo hakuna aliyenilipa niliandike.

Leo nimechora. Nilianza kwa herufi kubwa mno,
kwa hiyo A imebanwa ukingoni, bega limekunjwa,
kama mgeni aliyekuta benchi limejaa.
Kitinda mimba wa Abasi ananyosha kidole.
Namwambia neno lenyewe.
Hasikii.
Katikati ya O pamebaki doa lake dogo jeusi.
Nimeliacha.